Deni la Kueleweka: Maadili ya Kubadili Msimbo katika Darasa la Kisauni

1. Utangulizi

Mjadala kuhusu kubadili msimbo darasani umekuwa, kwa sehemu kubwa, milki ya wanaisimujamii na wataalamu wa ualimu. Wale wa kwanza wameuliza ni lini, na kwa masharti yapi ya kisarufi na ya kijamii, msemaji huiacha lugha moja akaingia katika nyingine. Wale wa pili wameuliza iwapo tendo hilo humwongezea mwanafunzi alama au humpunguzia. Swali la tatu limesalia pembeni, nalo ni la kimaadili. Mwalimu afundishaye kwa Kiingereza watoto ambao kwao Kiingereza ni lugha ya pili, pengine ya tatu au ya nne, anapokiacha Kiingereza katikati ya maelezo na kuingia katika Kiswahili, je, anatenda haki au anaivunja? Na yule akataaye kukiacha, ilhali anaona bayana kuwa hakuna amfuataye, je, aitwe mwadilifu kwa kuwa ametii sera?

Makala haya yanalijadili swali hilo kwa kulitia mahali maalumu: Kisauni, ng'ambo ya kaskazini ya kisiwa cha Mombasa. Mahali hapa pana umuhimu kwa sababu mbili. Kwanza, maandishi mengi juu ya Kiingereza katika shule za Kenya yamelichukua darasa la bara kuwa kielelezo, yaani darasa ambalo lugha ya nyumbani ni moja, Kiingereza ni mgeni, na Kiswahili ni somo tu. Kisauni, Kiswahili ni lugha ya nyumbani kwa baadhi ya watoto na lugha ya mtaani kwa karibu wote, lakini baada ya darasa la tatu sera haikitambui tena kuwa lugha ya kufundishia. Pili, Kisauni na Mombasa kwa jumla zina desturi kongwe ya kufundisha kwa lugha mbili kwa wakati mmoja, na desturi hiyo haijapata kuonewa haya.

Dai linalotetewa ni kuwa kubadili msimbo, kwa nafsi yake, si kosa wala si fadhila. Mwalimu ana madeni mawili kwa mwanafunzi: deni la kueleweka na deni la kumvusha. Akikataa kubadili msimbo mahali unapohitajika, hulikana deni la kwanza. Akiubadili asirejee, hulikana la pili. Aidha, lipo dhara la tatu ambalo halijatajwa vya kutosha: ubadilishaji huo unapofanywa kwa kificho, mithili ya magendo, mtoto hufunzwa kuuonea haya ufahamu wake mwenyewe.

2. Kuchanganya ili kuonekana na kuchanganya ili kueleweka

Chuki dhidi ya kuchanganya lugha ina mizizi katika uhakiki wa fasihi ya Afrika Mashariki. Katika Song of Lawino ya Okot p'Bitek (1966), Ocol anasutwa na mkewe kwa kuitumia lugha ya Wazungu kama fimbo ya kumdhalilishia asiyeijua. Tangu hapo msomi achanganyaye ndimi amekuwa mhusika anayefahamika katika riwaya na tamthilia: kasuku, mwenye majivuno, mtu aliyejipotezea asili. Wahakiki wameizoea picha hii kiasi cha kuitumia kila waonapo lugha mbili zimekutana katika kinywa kimoja.

Lakini picha hiyo inahusu mwendo wa upande mmoja tu. Ocol hupanda kutoka lugha ya watu wake kwenda Kiingereza, na hupanda ili aonekane. Mwalimu wa sayansi wa Kisauni hutoka katika Kiingereza akaingia katika Kiswahili, na huenda huko ili aeleweke. Matendo haya mawili yana umbo moja la kiisimu, na mchanganuzi wa sarufi anaweza kuyaweka katika jedwali moja. Kimaadili, hata hivyo, yanatofautiana kama kujitwaza kunavyotofautiana na kuinama. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mwalimu ainamaye hajapoteza kimo chake. Ameshika njia ya pekee ya kukifikia kilichoko chini.

Carol Myers-Scotton, katika kitabu chake cha mwaka 1993 kuhusu sababu za kijamii za kubadili msimbo barani Afrika, anaeleza kuwa kila msimbo huashiria seti ya haki na wajibu baina ya wasemaji, na kwamba kuubadili msimbo ni kuijadili upya seti hiyo. Kwake, haki na wajibu ni istilahi za kueleza mazoea ya jamii, wala hazikukusudiwa kupima wema wa mtu. Hata hivyo, maneno hayo yanastahili kuchukuliwa kwa uzito wake wa kawaida. Ikiwa Kiingereza darasani huashiria kuwa mwalimu ana haki ya kusema na mwanafunzi ana wajibu wa kusikiliza, basi Kiswahili, kinapoingia, huashiria pia kuwa mwanafunzi ana haki ya kuuliza na mwalimu ana wajibu wa kujibu. Swali la msimbo ni swali la nani ana haki gani darasani.

3. Kisauni na wingi wa ndimi zake

Wingi wa ndimi si jambo jipya Kisauni. Mwaka 1875, Chama cha Misheni cha Kanisa la Uingereza, CMS, kilianzisha makazi ya watumwa waliokombolewa katika eneo hilo, yakaitwa Freretown kwa jina la Sir Bartle Frere. Mnara wa kengele wa makazi hayo ndio uliopaachia mahali jina la Kengeleni. Walioletwa hapo walitoka katika jamii nyingi za Afrika ya Mashariki na ya Kati, wakiwemo Wayao, Wamakua na Wanyasa. Waliwakuta Waafrika wengine waliokuwa wamelelewa na kusomeshwa Nasik, nchini India, ambao walikijua Kiingereza. Shule ya misheni ilikuwa na walimu wa lugha moja na watoto wa lugha nyingi, na Kiswahili ndicho kilichowakutanisha. James Juma Mbotela, mtoto wa mtumwa aliyekombolewa na mmoja wa watu wa Freretown, aliandika Uhuru wa Watumwa (1934) kwa Kiswahili. Wahakiki wamekishutumu kitabu hicho kwa sifa kinazowamwagia Waingereza, na shutuma hiyo ina haki yake. Jambo lisiloangaliwa sana ni kuwa mtu aliyelelewa katika shule ya Waingereza alipotaka kuzisimulia habari za wazee wake, alikwenda katika lugha ambayo wazee hao waliikuta pwani, si ya makwao wala si ya waliowakomboa. Kiswahili cha Freretown kilikuwa lugha ya kukutania kabla hakijawa lugha ya kurithi.

Hali hiyo haijakoma. Kisauni, kwa upana wake wa zamani, ilijumuisha eneo ambalo kabla ya uchaguzi wa mwaka 2013 lilikatwa likawa jimbo la Nyali. Hata baada ya kukatwa huko, sensa ya mwaka 2019 iliihesabia kaunti ndogo ya Kisauni zaidi ya watu 290,000. Katika darasa moja la Mtopanga au la Mjambere, mtoto asemaye Kimvita nyumbani huketi pamoja na wa Kigiriama, wa Kiduruma, wa Kibajuni, wa Kikamba, wa Kitaita na wa Kijaluo. Wakiwa uwanjani huongea Kiswahili. Wakiingia darasani huambiwa wakiache nje.

Sera yenyewe haikukusudia ukatili. Kamati ya Gachathi, katika ripoti yake ya mwaka 1976, ilipendekeza kwamba madarasa matatu ya mwanzo yafundishwe kwa lugha ya eneo la shule, na kwamba Kiingereza kianze kufundishia katika darasa la nne. Katika miji yenye mchanganyiko wa watu, lugha hiyo ya eneo hueleweka kuwa Kiswahili. Tume ya Mackay ya mwaka 1981 na mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 vilikipa Kiswahili heshima ya kuwa somo la lazima lenye mtihani. Lakini heshima ya kuwa somo si sawa na heshima ya kuwa njia ya kupatia masomo mengine. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 7, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Hivyo mtoto wa Kisauni aadhibiwaye kwa kusema Kiswahili shuleni huadhibiwa kwa kusema lugha rasmi ya nchi yake.

4. Darsa na darasa

Mtoto wa Kiislamu wa Kisauni ana walimu wa namna mbili. Asubuhi huenda shuleni. Jioni au mwisho wa juma huenda chuoni. Katika chuo na katika darsa za msikitini, hasa zile za tafsiri ya Kurani mwezi wa Ramadhani, kubadili msimbo ndiyo kanuni. Sheikhe husoma aya au ibara ya kitabu kwa Kiarabu, kamili, bila kuipunguza. Kisha huifasiri kwa Kiswahili, huipigia mifano ya sokoni na ya nyumbani, hujibu maswali, halafu hurejea katika Kiarabu na kuendelea na ibara ifuatayo. Hakuna asemaye kuwa sheikhe huyo hajui Kiarabu. Kinyume chake, uwezo wake wa kufasiri ndio dalili ya elimu yake.

Desturi hii ina sura yake ya kifasihi. Hamziya, tafsiri ya Kiswahili ya kasida ya al-Busiri iliyofanywa na Sayyid Aidarus wa Pate, ni miongoni mwa tungo kongwe zaidi za Kiswahili zilizosalia, na katika hati zake Kiarabu na Kiswahili hupokezana ukurasani, mshororo kwa mshororo. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, alipoanzisha gazeti la Al-Islah mjini Mombasa mwaka 1932, aliliandika kwa Kiswahili na Kiarabu. Katika mapokeo haya, lugha mbili kukaa katika ukurasa mmoja ni njia ya kumheshimu msomaji: Kiarabu kinampa matini kwa ukamilifu wake, na Kiswahili kinampa maana.

Sifa mbili za darsa zinafaa kushikwa. Ya kwanza ni uwazi. Mwalimu wa darsa hajifanyi kuwa wasikilizaji wamekwisha kuelewa Kiarabu, na wasikilizaji hawajifanyi kuwa wameelewa. Ya pili ni utaratibu. Msimbo haubadilishwi ovyo, kwa kuchoka au kwa kukosa neno. Hubadilishwa mahali panapojulikana, na kila safari ya kwenda ina safari ya kurudi.

Hata hivyo ulinganisho huu una mpaka wake, na kuunyamazia ni kuidhoofisha hoja. Darsa huwapa watu maana ya matini. Haikuahidi kuwafanya wasemaji wa Kiarabu. Wapo waliohudhuria darsa miaka ishirini na wasiweze kuunda sentensi ya Kiarabu, na hakuna aliyewadhulumu, kwa kuwa hawakuahidiwa hilo. Shule imeahidi yote mawili: kumpa mtoto sayansi, na kumpa Kiingereza cha kuisemea sayansi hiyo mbele ya mtahini na, baadaye, mbele ya mwajiri. Kwa sababu hiyo deni la mwalimu wa shule ni kubwa kuliko la mwalimu wa darsa, na hukumu juu yake haina budi kuwa na pande mbili.

5. Kosa la kukataa

Chukuliwe mfano wa somo la sayansi juu ya namna maji yanavyogeuka mvuke. Mwalimu aandika neno la Kiingereza ubaoni, alitamka mara tatu, na watoto walirudia mara tatu. Auliza iwapo wameelewa, na darasa zima laitikia kwa sauti moja, kwa Kiingereza, kuwa limeelewa. Kisha auliza swali moja lisilokuwemo kitabuni, na kimya chatanda. Lau angeuliza kwa Kiswahili nguo zilizoanikwa asubuhi zilipeleka wapi maji yake, mikono ingalipanda. Ujuzi ulikuwamo darasani tangu mwanzo. Ulikosa lango la kupitia.

Keith Chick, akiandika mwaka 1996 kuhusu shule za KwaZulu, aliyaita maitikio ya namna hii usemi wa usalama: mwalimu na wanafunzi hushirikiana kuficha kuwa ujuzi haupitishwi, ili kila upande uilinde heshima yake. Uchunguzi wa Chick una uzito wa kimaadili, kwa kuwa unaonyesha kuwa kimya cha darasa si ujinga; ni mapatano. Mtoto anaitikia ili asiaibike, mwalimu anapokea itikio ili asiaibike, na wote wawili wanajua. Kwa hiyo mwalimu ambaye habadili msimbo kamwe hawezi kujitetea kuwa ameilinda kweli ya somo lake dhidi ya lugha chafu. Ameshiriki katika uongo mdogo unaorudiwa kila kipindi.

Uongo huo ulikuwa na chombo chake. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, katika Decolonising the Mind (1986), alieleza jinsi mtoto aliyekutwa akisema Kigikuyu karibu na shule alivyoadhibiwa, na jinsi alama ilivyopitishwa kutoka mtoto hadi mtoto ili kila mmoja amfichue mwenzake. Vibao vya namna hiyo vilizunguka katika shule nyingi za Kenya muda mrefu baada ya uhuru, pwani ikiwemo. Viboko vilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, lakini kibao hakihitaji kiboko ili kifanye kazi yake. Kinachofundishwa na kibao ni kuwinda: mtoto hujua kuwa njia ya kujinusuru ni kumsikiliza mwenzake akikosea. Lugha inayofundishwa kwa njia hiyo hufundisha pia kutoaminiana, na somo hilo la pili hukaa zaidi kuliko la kwanza.

6. Kosa la kufariji

Upande wa pili wa hukumu hauna budi kusemwa kwa uzito uleule. Yupo mwalimu ambaye, kwa huruma au kwa uchovu, hufundisha somo zima kwa Kiswahili na kuwaachia watoto Kiingereza cha ubaoni wakinakili. Darasa lake huwa changamfu, na watoto humpenda. Lakini katika miaka ya KCPE, iliyofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1985 na kwa mara ya mwisho mwaka 2023, karibu masomo yote isipokuwa Kiswahili yalitahiniwa kwa Kiingereza. Mtoto aliyeelewa somo kwa Kiswahili alikutana na maswali ambayo hakuyatambua, ingawa majibu yake aliyajua. Mfumo wa umilisi ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019 umebadili aina ya mitihani. Lugha yake haikubadilika kwa kiasi hicho.

Tanzania ni onyo la karibu. Huko Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi mwaka 1967, huku sekondari zikibaki na Kiingereza. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kiendelee hadi sekondari, na pendekezo hilo halikutekelezwa. Matokeo yake, kama yalivyochunguzwa na Casmir Rubagumya na wenzake katika kitabu cha mwaka 1990, ni madarasa ambamo mjadala hufanywa kwa Kiswahili na madaftari hujazwa kwa Kiingereza, na mwanafunzi akawa na maarifa mahali pamoja na maneno mahali pengine. Mwalimu amemfariji, hakumvusha.

Wapo watakaojibu kuwa kosa ni la mtihani na si la mwalimu, na kwamba kudai mtoto wa Kisauni avushwe kwenda Kiingereza ni kuukubali ukoloni. Jibu hili ni la haki katika nadharia, lakini linamtwika mtoto gharama ya nadharia hiyo. Mzazi wa Kisauni anayetaka Kiingereza kwa mwanawe anayajua mahoteli ya Bamburi na Shanzu, bandari ya Kilindini, na ofisi za kisiwani, na anajua ni lugha gani huulizwa mlangoni. Kumwambia kuwa amepumbazwa ni kumnyima heshima ya kuwa mtu mwenye kupima mambo. Tena, mita chache kutoka shule ya umma yenye msongamano, uliozidi baada ya elimu ya msingi kufanywa bila malipo mwaka 2003, ipo shule ya kulipia ambayo watoto wake husikia Kiingereza nyumbani. Wote hufanya mtihani mmoja. Faraja isiyo na marejeo humwacha mtoto maskini palepale alipo na kumwita amependwa.

Kwasi Wiredu aliwashauri wanafalsafa wa Afrika wazifikirie upya hoja walizozipokea kwa lugha za kigeni katika lugha zao wenyewe, ili waone ni zipi zinazosimama na zipi zinazoanguka. Ushauri huo unafaa hapa kwa kuwa una mwendo wa pande mbili. Wiredu mwenyewe alizirudisha hoja hizo katika Kiingereza, zikiwa zimepimwa. Mtoto aliyelielewa jambo kwa Kiswahili kisha akafundishwa kulisema kwa Kiingereza analimiliki mara mbili. Aliyelikariri kwa Kiingereza pekee, au kulielewa kwa Kiswahili pekee, analimiliki nusu.

7. Kiswahili cha nani?

Hadi hapa imedhaniwa kuwa kuingia katika Kiswahili ni kwenda nyumbani kwa mwanafunzi. Kisauni dhana hiyo ina kasoro mbili.

Ya kwanza ni ya lahaja. Mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 ndio uliochagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ikakiimarisha. Kimvita, lahaja ya Muyaka bin Haji, kikawa kosa la sarufi mjini kwake. Mtoto asemaye ndoo badala ya njoo, ndia badala ya njia, na mtele badala ya mchele huwekewa alama nyekundu katika somo la Kiswahili, na mwekaji huenda ameijifunza lugha hiyo kitabuni. Mtoto huyohuyo hukaripiwa kwa Kiswahili chake katika somo la sayansi. Mwenzake wa Kigiriama hukaripiwa mara ya tatu, uwanjani, kwa lugha ya mamake. Mtoto anaweza kupita siku nzima ya shule bila kukutana na saa moja ambayo lugha yake ni sahihi.

Ya pili inamhusu mwalimu, na haijasemwa vya kutosha kwa sababu inagusa kidonda. Walimu wengi wa shule za Mombasa wametoka bara. Kiingereza ndicho mahali ambapo mwalimu huyo amewazidi wanafunzi wake. Akiingia katika Kiswahili, mambo hugeuka: watoto wa Kisauni humsikia akikosea ngeli, na hucheka. Kushikilia Kiingereza, basi, pengine si utiifu kwa sera wala majivuno. Ni ngao ya mtu mzima asiyetaka kuchekwa na watoto. Nacho kicheko hicho si cha mchezo tu katika mji ambao lafudhi imewahi kuwa hatari. Mwezi Agosti mwaka 1997, huko Likoni, upande wa kusini wa kisiwa, wavamizi walishambulia kituo cha polisi kisha wakawaandama wakazi waliotoka bara, na matamshi ya mtu yalitosha kumtaja atokako. Mwalimu wa bara afundishaye Kisauni, ng'ambo ya pili ya mji huohuo, halazimiki kuyasahau hayo pale darasa linapomcheka.

Jambo hili linabadili hesabu ya maadili. Kubadili msimbo, kwa mwalimu wa namna hiyo, ni kukubali kuwa mwanafunzi mbele ya wanafunzi wake. Ni kutoa kitu. Vilevile linawatwika watoto wajibu, na ni haki wajibu huo utajwe: mwenye lugha ana deni kwa anayeijaribu lugha yake. Darasa linalomcheka mwalimu kwa Kiswahili chake linafanya kile kile ambacho kibao huwafanyia watoto kwa Kiingereza chao. Utu haudaiwi upande mmoja tu.

8. Hitimisho

Makala haya yamedai kuwa swali la iwapo mwalimu abadili msimbo au asibadili limeulizwa vibaya. Lililo muhimu ni namna anavyoubadili, na vigezo vitatu vimejitokeza. Cha kwanza ni uwazi: ubadilishaji ufanywe kama katika darsa, kwa kujulikana, na si kama magendo yanayofichwa mkaguzi anapoingia. Mwalimu anayeacha Kiswahili ghafla mgeni akibisha mlango huwaambia watoto, bila kutamka neno, kuwa njia waliyoelewea ni ya aibu. Cha pili ni marejeo: kila maana iliyopatikana kwa Kiswahili irudishwe katika Kiingereza na mtoto mwenyewe, kwa kinywa chake na si kwa kunakili. Cha tatu ni uenevu: mwalimu ajiulize Kiswahili anachokiendea kinamjumuisha nani na kinamwacha nani, na kwamba ndoo na ndia si makosa bali ni Kiswahili kilichokuwako kabla ya usanifu.

Vigezo hivi havimwondolei serikali deni lake. Mwalimu anayetakiwa kufasiri bila kufundishwa kufasiri, kwa kitabu cha lugha moja, mbele ya darasa lililojaa hadi mlangoni, anadaiwa kwa niaba ya wengine. Vyuo vya ualimu vinavyomfundisha kusimamia lugha moja kisha kumpeleka Kisauni vimemtuma bila masurufu. Yapo yanayowezekana hata kabla sera haijabadilika: istilahi za sayansi zichapishwe kwa lugha mbili, mbinu za kufasiri zifundishwe vyuoni kama stadi, na mkaguzi aagizwe kusikiliza iwapo watoto wanaelewa kabla ya kusikiliza wanaelewa kwa lugha gani.

Upo mwaliko pia kwa wahakiki wa fasihi. Mhusika achanganyaye ndimi amechekwa vya kutosha. Hajaandikwa bado, kwa uzito anaostahili, mwalimu wa shule ya msingi asimamaye mbele ya watoto sitini, aliyemaliza sentensi ya Kiingereza, akatazama nyuso, na ana nukta moja ya kuamua iwapo atasonga mbele au atarudi kuwachukua. Katika nukta hiyo hakuna sera inayomwamulia. Anaamua yeye, na watoto wanamtazama akiamua.